Kudhibiti Kiwango cha Tope Kwenye Mtambo Mdogo wa Majitaka: Mwongozo Kamili

Dalili ni zilezile kila mara. Maji yanayotoka mtamboni yanaanza kubeba vipande vya kahawia, harufu inabadilika, mtu anaita gari la kunyonya na matangi yote yanakaushwa. Siku mbili tatu maji yanapendeza. Kisha yanageuka ya kijivu, yananuka kuliko awali, na povu jeupe linafika ukingoni mwa tangi. Gari linaitwa tena.

Wengine hawatoi tope kabisa, mwaka mzima, hadi linajitoa lenyewe kupitia mfereji wa maji yaliyosafishwa.

Chanzo ni kimoja kwa wote. Tope la kahawia lililomo kwenye tangi la hewa ndilo linalofanya kazi: ni bakteria hai walioshikana, wanaokula uchafu ulio ndani ya maji. Ukiwaondoa wote, hakuna wa kula. Ukiwaacha wazaliane bila kupunguzwa, watajaa hadi tangi la kutuamisha lishindwe kuwashika. Mfugaji anayejua malisho yake hapunguzi kundi kwa kuuza zizi zima kwa siku moja, wala haachi liongezeke hadi nyasi ziishe. Tope nalo hutolewa kidogo kidogo, kwa kipimo, karibu kila siku.

Maelezo haya yanahusu mitambo midogo inayopuliza hewa kwa saa nyingi: yenye tangi la hewa, tangi la kutuamisha, na bomba la kurudisha tope kutoka la pili kwenda la kwanza. Kama ulichonacho ni shimo la kawaida la choo au mabwawa ya wazi, hesabu zake ni nyingine.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chombo angavu cha lita 1 au 2 chenye alama za mililita. Kilicho kipana ni bora kuliko silinda nyembamba, kwa sababu kwenye silinda nyembamba tope hukwama ukutani na kukudanganya.
- Saa yenye kengele.
- Bomba angavu la plastiki, refu kuliko kina cha tangi la kutuamisha, lenye alama kila sentimita 10. Yapo ya kununua yenye vali ndogo chini. Bomba la kawaida linafaa pia, nitaeleza.
- Ndoo ya lita 20 na ndoo ndogo yenye mpini mrefu ya kuchotea.
- Kipima oksijeni iliyoyeyuka na kipima pH (kiwango cha uchachu wa maji). Bajeti ikikubali kimoja tu, chukua cha oksijeni.
- Fagio la mpira lenye mpini mrefu.
- Glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga, buti, sabuni, na maji safi karibu.
- Daftari. Daftari la karatasi, linalokaa mtamboni, si kwenye simu ya mtu mmoja.

Utahitaji pia maabara itakayokupimia ukolezi wa tope angalau mara moja kwa mwezi. Kwenye majibu yao huandikwa MLSS, kwa miligramu kwa lita. Wapelekee sampuli mbili: moja ya tangi la hewa, nyingine ya tope linalorudi.

## Usalama kwanza

Kuna mambo matatu yanayoua kwenye mitambo hii.

La kwanza ni gesi. Tope lililokaa bila hewa hutoa salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikizidi, gesi hiyo hupooza uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu kutoweka ghafla si ishara ya usalama. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini ya tangi. Usishuke ndani ya tangi lolote, hata lililo tupu, bila kipima gesi, hewa ya kutosha, kamba ya uokoaji na watu waliofunzwa walio juu. Mara nyingi anayefuata kumwokoa wa kwanza naye hafiki juu.

La pili ni kuzama. Maji yaliyojaa mapovu ya hewa hayambebi mtu vizuri. Hata muogeleaji hodari hupata taabu. Usifanye kazi ukingoni pasipo na reli, na usiwe peke yako.

La tatu ni umeme. Kabla ya kugusa pampu au kipuliza hewa, zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli. Kuweka kibao cha "usiwashe" pekee hakutoshi.

Chanjo za pepopunda na homa ya ini aina A zinafaa kwa kila anayeshika majitaka. Usile wala kuvuta sigara hadi umenawa.

## Hatua ya 1: Jua ujazo wa matangi na njia ya tope

Pima urefu, upana na kina cha maji vya tangi la hewa, kisha uvizidishe upate mita za ujazo. Fanya hivyo pia kwa tangi la kutuamisha na la kuhifadhia tope. Tafuta kiasi cha maji yanayoingia kwa siku. Kama hakuna mita ya majitaka, mita ya maji safi ya jengo itakusogeza karibu na jibu.

Halafu fuata mabomba kwa macho. Tope linatoka wapi kwenye tangi la kutuamisha? Linarudi wapi? Vali ya kulitoa iko wapi, na inapeleka tangi gani? Paka rangi au funga kibao kwenye kila vali. Iko mitambo ambayo vali ya kutoa tope haijawahi kufunguliwa tangu ijengwe, na ukiifungua leo haigeuki. Ni heri kulijua hilo sasa kuliko siku tope limefurika.

Ukifaulu: unaweza kuchora mtambo wako kwenye karatasi bila kutoka ofisini, vali zote zikiwamo.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli ileile, saa ileile

Chota kwenye tangi la hewa, karibu na mahali tope linapotokea kwenda tangi la kutuamisha, huku kipuliza hewa kikifanya kazi. Kama mtambo huwaka na kuzima kwa saa, subiri angalau dakika 15 tangu uwake, tope lichanganyike sawasawa. Ondoa povu la juu kwanza, kisha zamisha chombo.

Chagua saa moja ya siku na uishike. Sampuli ya asubuhi leo na ya jioni kesho hazilinganishwi, na ukizilinganisha utarekebisha tatizo ambalo halipo.

Ukiwa hapohapo pima oksijeni. Kati ya miligramu 1.5 na 3 kwa lita panafaa. Ikiwa chini ya 1 mara kwa mara, usianze kuhangaika na tope; tengeneza hewa kwanza. Vichujio vya kipuliza vilivyoziba na mkanda uliolegea ndio wahalifu wa kawaida.

## Hatua ya 3: Jaribio la dakika 30

Hiki ndicho kipimo kitakachokufaa kuliko vyote, na ndicho kinachofanywa kizembe kuliko vyote. Watu huweka chombo, huondoka, hurudi baada ya nusu saa kuandika namba moja. Namba hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko katika jinsi tope lilivyotuama, na hiyo unaiona ukiwa umesimama hapo.

Anza ndani ya dakika 15 tangu uchote. Koroga taratibu, mimina hadi alama ya mililita 1,000, weka mahali pasipo jua wala mtikisiko. Usiweke juu ya kifuniko cha kipuliza hewa.

Soma kiwango cha tope kila dakika 5 na uandike. Dakika 5 za mwanzo zisikupite, maana hapo ndipo tabia ya tope hujitokeza. Tope lenye afya lina rangi ya kahawia kama udongo uliolowa. Linajikusanya vipande vipande, linashuka pamoja kama zulia moja, na maji yanayobaki juu ni angavu.

Kisomo cha dakika 30 kwenye mtambo wa aina hii mara nyingi huwa kati ya mililita 250 na 500. Usiishike namba hiyo kama sheria. Kila mtambo una kiwango chake ambacho maji hutoka safi. Kazi yako ni kukigundua na kukilinda.

Sasa soma tabia:

Linashuka polepole, laini kama pamba, maji ya juu yana ukungu, na tanki lina povu jeupe jingi. Tope ni changa. Bakteria ni wachache kwa chakula kinachoingia. Punguza kutoa.

Linaanguka haraka, rangi imekolea, na linaacha chembe ndogondogo zinazoelea kila mahali. Tope limezeeka. Mara nyingi tangini kuna povu zito la kahawia lenye mafuta mafuta. Ongeza kutoa, taratibu.

Linashuka polepole sana lakini maji ya juu ni angavu mno. Hapa kuna majibu mawili yanayofanana sura: ama tope limezidi tu na vipande vinasongamana, ama kuna bakteria wenye nyuzi wanaolizuia lisibanane. Tiba zake hazifanani, kwa hiyo usibahatishe.

Fanya hivi. Chukua chombo cha pili, weka nusu sampuli ya tope na nusu maji safi yanayotoka tangi la kutuamisha. Viache vyote viwili vitue pamoja. Ikiwa lililochanganywa na maji linashuka haraka kwa tofauti kubwa, tatizo ni wingi: toa tope. Ikiwa nalo linaburuta karibu sawa na la kwanza, tatizo ni nyuzi. Kwa nyuzi, tafuta sababu: oksijeni ndogo, mafuta ya jikoni, au majitaka yaliyooza njiani kabla ya kufika. Kutoa tope kwa wingi hakutaziondoa nyuzi. Wako watakaokushauri umwage klorini kwenye tope. Kipimo kikizidi kidogo klorini hiyo huua bakteria unaowahitaji, kwa hiyo usiiguse bila mtaalamu aliye na hadubini.

Baada ya nusu saa usimwage bado. Acha chombo hadi saa 2 zitimie. Tope likipanda lenyewe juu kama keki kabla ya muda huo, lina gesi ya nitrojeni ndani yake, na jambo hilohilo litatokea kwenye tangi la kutuamisha ikiwa litakaa humo muda mrefu.

### Hesabu ndogo ya ubora

Majibu ya maabara yakifika, zidisha kisomo cha dakika 30 kwa 1,000, kisha gawanya kwa ukolezi wa tope. Kisomo cha 350 na ukolezi wa 3,500 hutoa 100. Namba hii maabara huiita SVI. Kati ya 80 na 150 tope linatuama vizuri. Ikipita 200, halibanani. Ikiwa chini ya 80, ni zito na kwa kawaida ni kuukuu.

Faida yake nyingine: kama SVI yako imetulia kwenye 100 na leo kisomo ni 420, ukolezi umekaribia 4,200 hata kabla maabara haijasema. Makadirio hayo yanafaa siku hadi siku, mradi tabia ya kutuama haijabadilika.

Ukifaulu: wiki nzima ya visomo haipandi na kushuka ovyo, na unaweza kusema tope ni changa au kuukuu bila kusubiri karatasi ya maabara.

## Hatua ya 4: Pima kina cha tope kwenye tangi la kutuamisha

Shusha bomba angavu wima, polepole, hadi liguse chini. Ukilizamisha haraka unasukuma tope pembeni na kisomo hakitakuwa cha kweli. Kama bomba lina vali, livute kidogo ijifunge. Kama halina, ziba mdomo wa juu kwa kiganja chenye glavu, ukaze, kisha unyanyue. Utaona mpaka kati ya maji na tope. Soma urefu wa tope kutoka chini.

Pima mara mbili kwa siku kwa wiki ya kwanza: saa ya maji mengi na saa ya utulivu. Tope huinuka maji yanapoingia kwa kasi, na anayepima saa ya utulivu tu hushangaa maji yakichafuka asubuhi.

Lenga tope lisizidi robo ya kina cha tangi. Likifika theluthi, chukua hatua siku hiyohiyo.

Kwenye matangi madogo yenye kuta za mteremko, tope hunasa kwenye miteremko hiyo, huoza, kisha hubanduka na kupanda likiwa mabonge meusi. Mara moja kwa wiki, saa ya maji machache, lisukume chini kwa fagio la mpira. Sukuma taratibu, usikoroge. Kazi hii ya dakika chache humaliza malalamiko mengi ambayo watu huyaita "tope limezidi".

## Hatua ya 5: Rekebisha kasi ya kurudisha tope

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kurudisha tope hakulipunguzi. Kunalihamisha tu kutoka tangi moja kwenda jingine. Ukiongeza urudishaji ili kushusha tope kwenye tangi la kutuamisha, litashuka siku moja au mbili. Lakini maji yanayopita humo yameongezeka pia, na kama tope lote limezidi litainuka tena.

Kipimo cha kuanzia kinatoka kwenye jaribio lako. Gawanya kisomo cha dakika 30 kwa tofauti ya 1,000 na kisomo hicho. Kwa 350 ni 350 kugawanya kwa 650, yaani 0.54. Urudishaji usiwe chini ya asilimia 54 ya maji yanayoingia. Ongeza kidogo kwa tahadhari. Mitambo mingi ya aina hii hukaa kati ya asilimia 50 na 150.

Kabla ya kugeuza vali yoyote hakikisha tope linarudi kweli. Mabomba yanayoinua tope kwa hewa huziba kwa nywele, vitambaa na plastiki. Angalia mdomo wa bomba: kinachotoka kiwe cha kahawia na kizito kuliko kilicho kwenye tangi la hewa. Kikitoka maji meupe, ama unarudisha haraka mno, ama kuna shimo limejitengeneza kwenye tope na pampu inavuta maji ya juu. Kikiwa cheusi na kinanuka, unarudisha polepole mno.

## Hatua ya 6: Kokotoa tope la kutoa kwa siku

Tuchukue mtambo wa mfano: tangi la hewa lenye mita za ujazo 60, maji yanayoingia mita za ujazo 50 kwa siku, ukolezi wa tope miligramu 3,500 kwa lita, na tope linalorudi lenye miligramu 8,000 kwa lita.

Kwanza, tope lote tangini. Miligramu 3,500 kwa lita ni sawa na kilo 3.5 kwa mita ya ujazo. Mara 60, unapata kilo 210 za tope kavu.

Pili, chagua umri wa tope, yaani siku ambazo kwa wastani tope linakaa ndani kabla ya kutolewa. Mitambo ya kupuliza hewa kwa muda mrefu huendeshwa kati ya siku 20 na 40. Tuseme 25.

Tatu, gawanya. 210 kwa 25 ni kilo 8.4 kwa siku.

Nne, ondoa kinachotoka chenyewe na maji safi. Ikiwa maji yana chembe za miligramu 15 kwa lita, mita za ujazo 50 hubeba kilo 0.75. Zinabaki kilo 7.65.

Tano, geuza kilo kuwa ujazo. Tope linalorudi lina kilo 8 kwa mita ya ujazo, hivyo 7.65 kugawanya kwa 8 ni takriban mita za ujazo 0.96. Lita 960 kwa siku.

Usishangae kwamba ni kidogo. Mtambo mzima wa watu wengi unahitaji lita elfu moja hivi kwa siku, na kwa kukosa lita hizo watu hukausha matangi mara kadhaa kwa mwaka.

Bakteria wanaobadilisha amonia, kemikali ya harufu kali itokanayo na mkojo, huzaliana polepole, na hao ndio wa kwanza kupotea ukitoa kupita kiasi. Ndiyo sababu umri hauwekwi chini sana. Ukiupandisha sana nako utapata tope kuukuu, chembe zinazoelea, na bili ya umeme ya kuwapulizia hewa bakteria wasio na kazi.

## Hatua ya 7: Toa tope bila kushtua mtambo

Jua kwanza kasi ya vali au pampu yako. Weka ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 25, kasi ni lita 0.8 kwa sekunde, na lita 960 zitachukua dakika 20. Rudia kipimo hiki mara kwa mara. Bomba lililoanza kuziba hubadilisha hesabu kimyakimya.

Gawa dakika hizo mara mbili au zaidi kwa siku, saa za maji machache. Tope hukolea chini ukilipa nafasi, kwa hiyo vipindi vifupi hutoa tope jingi na maji machache. Kipindi kimoja kirefu huanza na tope na kumalizia na maji.

Kama umezoea kutoa lita 500 na hesabu inasema 960, usiruke moja kwa moja. Ongeza kwa asilimia 10 hadi 15 tu kutoka siku moja hadi nyingine, huku ukisoma jaribio la dakika 30. Kupunguza nako vivyo hivyo.

Kama mtambo umejaa mno, kwa mfano ukolezi umepita 6,000, hamu ya kumaliza leo itakuwa kubwa. Igawe kazi hiyo kwa siku nyingi. Kwa maoni yangu, asilimia 10 ya tope lote ni mwisho wa kutoa kwa siku moja hata kwenye dharura.

Badilisha kitu kimoja, kisha subiri. Ukigeuza hewa, urudishaji na utoaji siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Badiliko la urudishaji huonekana ndani ya siku moja au mbili. Badiliko la utoaji huchukua wiki kadhaa kujitokeza kikamilifu, maana unabadilisha umri wa kundi zima.

Ukifaulu: kisomo cha dakika 30 kinabaki karibu palepale wiki baada ya wiki, povu ni jembamba la rangi ya kahawia nyepesi, na chini ya tangi la kutuamisha tope halipandi.

## Hatua ya 8: Usilisahau tangi la kuhifadhia tope

Ukitoa lita 960 kila siku, tangi la mita za ujazo 10 litajaa ndani ya siku 10 hivi. Hapo ndipo kazi nzuri hukwama: hakuna pa kupeleka, kwa hiyo utoaji unasimama.

Zima hewa ya tangi hilo, acha tope litue saa chache, kisha rudisha maji ya juu mwanzoni mwa mtambo. Yarudishe polepole na saa za utulivu, kwa sababu yana amonia nyingi. Yakianza kubeba tope, funga. Washa hewa tena mara moja. Tope likilala muda mrefu bila hewa hunuka na kutoa gesi niliyoitaja juu.

Gari la kunyonya liitwe kwa tangi hili, tena kabla halijajaa. Tangi la hewa lisiguswe. Kwa wenye vitanda vya kukaushia vya mchanga, mwaga tabaka la sentimita 20 hadi 30 na usiongeze jipya juu ya bichi, hadi la kwanza lipasuke nyufa na lichoteke kwa koleo. Tope kavu bado lina mayai ya minyoo. Usilipeleke kwenye mboga.

## Mambo manne yanayovuruga hata waangalifu

Mabonge yanaelea juu ya tangi la kutuamisha. Chota bonge, litie kwenye chombo, koroga kwa nguvu kidogo. Likizama, ni gesi ya nitrojeni iliyolinyanyua: tope limekaa chini muda mrefu, basi ongeza urudishaji na piga fagio kwenye miteremko. Likiwa jeusi na linanuka, limeoza mahali fulani, tafuta kona isiyorudi. Likigoma kuzama hata baada ya kukorogwa, angalia mafuta au nyuzi.

Mvua kubwa imeingia kwenye mabomba. Maji mengi ya ghafla husukuma tope nje. Ukiona kasi imepanda sana, zima hewa kwa muda usiozidi saa moja au mbili ili tope litue ndani ya tangi la hewa lenyewe na maji yapite juu yake. Kumbuka kuwasha. Mwekee kengele mtu wa zamu.

pH inashuka. Bakteria wanapobadilisha amonia hula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuhimili uchachu: takriban miligramu 7.1 za ualkali kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia. pH ikishuka chini ya 6.5, tope huanza kusambaratika na watu hulaumu utoaji. Pima kabla ya kugusa vali.

Matangi tayari yamekaushwa. Omba tope hai kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi vizuri, lililotoka kwenye tangi la hewa au bomba la kurudisha, na lifike siku hiyohiyo. Rudisha lote, usitoe chochote, na ukubali povu jeupe kwa muda. Anza kutoa pale tu kisomo cha dakika 30 kinapokaribia kiwango chako cha kawaida.

## Ukurasa wa daftari

Kila siku: tarehe na saa, oksijeni, kisomo cha dakika 5 na cha dakika 30, hali ya maji ya juu, kina cha tope kwenye tangi la kutuamisha, rangi ya povu, dakika za kutoa tope, jina la aliyepima. Kila wiki: pH, kasi ya vali kwa ndoo, fagio. Kila mwezi: majibu ya maabara na hesabu mpya ya Hatua ya 6.

Chora visomo vya dakika 30 kwenye karatasi ya miraba, nukta moja kwa siku, na uibandike ukutani. Mstari ukianza kupanda siku tano mfululizo, ongeza dakika mbili tatu za kutoa tope kabla maji hayajaonyesha lolote.